Maji ya Kuona Miguu

Mama yangu ni mtu wa milima ya Lemera, na ziwa halijawahi kumwingia moyoni. Yuko Uvira tangu alipoolewa, ametuogesha kwa maji ya ziwa, ametulisha ndagala, dagaa wa humo, mpaka tukakua, lakini yeye mwenyewe hajawahi kulitia mguu kupita kifundo. Anasema mamba na kiboko hawapigi hodi. Shida ni kwamba kanisani kwetu mtu habatizwi kwa kunyunyiziwa. Anazamishwa mzima, na huku kwetu kuzamishwa ni ziwani.

Kwa hiyo mama akabaki bila ubatizo, mtu wa kanisa nusu. Anaimba kwenye kwaya ya akina mama, anafagia, anawapikia wageni. Halafu siku ya Meza ya Bwana, sahani ya mkate ikimfikia, anampa aliye pembeni yake bila kuchukua. Nimekua nikiiona sahani ile ikimpita, na iliniuma sana, kuliko ilivyomuuma yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Mimi ndiye msimamizi wa pisini, bwawa la kuogelea, ya hoteli moja ya hapa ufukweni. Kazi ninaijua na mdomo ninao, sijifichi. Pasaka ya mwaka huu ilipokaribia, nilimfuata pasta wetu nikamuuliza kama mto Yordani ulikuwa na mamba. Akacheka. Nikamwambia kwamba patroni wangu, mwenye hoteli, amekubali kutuachia pisini Jumamosi asubuhi. Akasema sawa, maji ni maji. Mama alipoambiwa alikunja kitenge chake, akakikunjua, kisha akasema:

"Nitaingia. Lakini nione miguu yangu. Nikikosa kuona miguu, siingie, na usiniulize tena mpaka nife."

Namjua mama. Hilo la kutoulizwa tena hakulisema kwa mchezo.

Tukaimwaga pisini yote ili tuisugue kuta kwa heshima ya ubatizo, na hapohapo bomba la mtaa likakauka. Tungefanyaje? Tukachukua pompi tukavuta maji ya ziwa. Yakaja ya kijani kidogo, yana majani. Sasa mtu wa Uvira akiona maji asiyoyaamini, anafanya nini? Anatia klorini. Kipindupindu kimetufundisha hivyo. Pale wanawake wanapochota, kuna vijana wenye bomba la sindano, kila bidoni, yaani dumu, inayotoka majini wanaitilia klorini yake, na hakuna anayeuliza. Kwetu klorini ni dawa ya kila kitu. Nikamimina ile ya unga, nikalala na amani.

Kesho yake ukijani umeisha, na maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Ongeza klorini, dada," patroni akaniambia. Nikaongeza. Yakazidi kuwa meupe. Mpishi akapita, akasema klorini haijatosha. Mlinzi wa getini naye, ambaye hata kuogelea hajui, akasema vilevile. Nikaongeza tena. Nikatia na shabu, ambayo kazi yake ni kukusanya uchafu uzame chini. Haikuzamisha kitu. Filta ilinguruma mchana kutwa bure, na ukisimama ukingoni hata kidaraja cha pili cha ngazi hukioni. Hasira ilinipanda hadi nikampigia mlinzi kelele kwa kosa la kupiga chafya.

Alhamisi mama akaja mwenyewe kuangalia. Akainama pole pole, akachovya mkono, mkono ukapotea.

"Huu ni uji," akasema. "Minye siingie mu uji."

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Alijipangusa mkono kwenye kitenge, akanigusa bega.

"Haina mambo, mutoto yangu. Nimeshazoea."

Neno hilo lilinikata maini. Ina maana siku zote zile alikuwa anaumia, na mimi nikidhani amepuuza. Nikaingia jikoni nisije nikalia mbele ya wageni. Nikafunua birika nijitengenezee chai, nikaona ndani kuna gamba jeupe limeganda chini. Nikaanza kumlaani mpishi kwa uvivu wake, na katikati ya laana nikaacha, nikalikwangua kwa ukucha.

Gamba lile kila nyumba ya Uvira inalo. Ni chokaa ya ziwa. Imo ndani ya maji na huioni, mpaka maji yachemke ndipo ijitoe na kuganda, nasi tunaitoa kwa limau. Kumbe pisini yangu haikuwa chafu hata kidogo! Ilikuwa chokaa. Maji ya ziwa yanayo tele, klorini yetu ya unga nayo ina ya kwake, na tena inayazidishia maji ukali wa magadi, ambao ndio unaoitoa chokaa majini. Kila kikombe tulichoongeza kilikuwa kinaifukuza chokaa itoke ielee.

Nikakimbilia kipimo. Tangu mwanzo tulikuwa tunapima klorini tu, maana hiyo ndiyo tunayoogopa kuikosa. Nikatia matone ya kichupa cha pili, kile cha kupima ukali wa magadi. Rangi iliyotakiwa kuwa nyekundu ya kuelekea machungwa ikaja zambarau tupu. Stoo kulikuwa na asidi ambayo haijafunguliwa tangu inunuliwe, kwa sababu patroni anaiogopa kuliko jeshi.

"Unataka kuwachoma watu wa Mungu?" akaniuliza.

"Patroni, limau nayo ni asidi, na unaikamulia samaki wako kila mchana."

Akanitazama juu chini, akanipa ufunguo, akaenda kusimama mbali.

Nikavaa glavu. Ndoo ya maji kwanza, asidi juu yake kidogo, kamwe si kinyume. Nikazunguka upande wa kina nikimwaga taratibu huku pompi ikizungusha, nikangoja, nikapima, nikarudia. Zambarau ikawa nyekundu, nyekundu ikalainika. Hapo ndipo nikatia shabu upya, nikaacha ichanganyike, nikazima mashine na kumkataza kila mtu asiguse maji hata kwa kidole.

Ijumaa asubuhi weupe wote ulikuwa umelala sakafuni kama unga wa muhogo, na juu yake maji yamesimama safi. Nilicheka peke yangu. Nikaufyonza kwa mpira, polepole, moja kwa moja nje kwenye mfereji, bila kuupitisha kwenye filta. Patroni akataka kusaidia, akaburuta brashi kwa nguvu, wingu likainuka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii anayemlipa, naye akaiweka brashi chini kama mtoto wa shule. Jua la siku ile likaila klorini iliyozidi. Jioni nikapima vyote viwili, vikakaa sawa, na nilivimba kichwa kweli, sioni haya kusema.

Jumamosi kwaya ilijipanga ukingoni na taulo. Pasta alishatangulia ndani. Mama, katika kanzu yake nyeupe, alisimama juu ya ngazi akiangalia chini kwa muda mrefu. Akashuka daraja moja. Akashuka lingine. Alipofika sakafuni akachezesha vidole vya miguu.

"Viko vyote," akamwambia pasta.

Pasta akamzamisha, akamwinua, akina mama wakapiga vigelegele na kumnyooshea taulo. Mama hakuja. Alipangusa uso, akainamisha kichwa, akaanza kutembea ndani ya maji, kanzu ikimfuata nyuma, macho kwenye miguu yake.

"Mama, toka basi tuanze wimbo," pasta akasema.

"Muanze tu, Pasta. Minye ningali natembea."

Wakaanza. Naye akatembea mpaka maji yalipomfika kifuani, akageuka, akarudi, akageuka tena.