Nyuma ya Kitenge cha Mama Sabina

Mpaka leo kuna watu wa hapa Lizaboni wakipita mbele ya kibanda changu cha kushonea wanainamisha vichwa wanacheka, na mimi najifanya natunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi. Nimeona bora niandike mwenyewe ilivyokuwa, polepole kama ninavyoandika kila kitu (niliishia darasa la saba), maana huko nje wameshaongeza ya kwao.

Dada yangu Oliva anafundisha shule ya msingi kule Bombambili. Kwa miaka mitatu alisoma shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja binafsi ambacho hajawahi kukikanyaga, kwa sababu wanafunzi wake wanasoma wakiwa makwao, masomo yanakuja kwenye kompyuta, kazi zinarudi kwa kompyuta, na walimu wanaonana nao kwenye kioo tu. Ulikuwa umebaki mtihani mmoja, wa kujibu kwa mdomo mbele ya maprofesa wawili kwa njia ya video, na sharti lake kubwa ni kwamba awe peke yake chumbani. Akionekana mtu mwingine, mtihani unafutwa, anarudia mwaka mzima, na alishaniambia kwamba mwaka mwingine hatauweza.

Kwake mtandao unakatika kila mara, kwangu unashika vizuri, basi nikampa kibanda.

"Mdogo wangu, ikikaribia saa nne utoke," akaniambia. "Kakae hata kwa muuza chipsi."

"Sawa, Dada."

Sasa kibanda changu kina kona ya kujaribia nguo, na pazia lake limechanika, linaonyesha mafungu ya suruali kuukuu. Nikaona aibu maprofesa waione. Nikachukua kitenge kipya cha Mama Sabina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alichokileta nimshonee sare ya sherehe (nilikuwa bado sijakikata), nikakitundika badala ya pazia. Kilipendeza kweli, na Dada alipokaa mbele yake akaonekana kama mtangazaji wa televisheni. Hapo ningetoka, mkasa usingekuwepo.

Lakini nikakumbuka daftari langu la vipimo liko kule nyuma, na bila daftari ningekaa nje mikono mitupu, kitu nisichokiweza. Dada alikuwa ameinamia kompyuta anahangaika na waya. Nikapita pembeni, nikaingia nyuma ya kitenge, na kabla sijainuka na daftari nikasikia sauti ya mwanaume inamsalimia kwa Kiingereza. Maprofesa walikuwa wamewahi dakika kumi! Wakamwambia azungushe kompyuta waone chumba, akazungusha, wakamuuliza kama yuko peke yake, akajibu yuko peke yake. Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa.

Mtu wa kawaida angekohoa akasema samahani, natoka. Mimi ni yule ambaye bodaboda akinipitiliza nyumbani namwacha aende mpaka atakaposimama mwenyewe, halafu narudi kwa miguu. Nikachuchumaa. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikahamia wa kulia, nao ukafa, jasho likawa linadondokea daftari, nikahesabu maua ya kile kitenge, nikapotea, nikaanza upya. Dada alikuwa anajibu vizuri, sauti imetulia. Nikaanza kuamini yataisha salama.

"Hodi! We Festo!"

Mama Sabina. Mlango haukuwa umekomewa.

"Oliva, siku hizi hata shikamoo hakuna?" Dada, alivyonisimulia baadaye, alikuwa anampungia mkono chini ya meza atoke. "Haa! Si kitenge changu kile? Mmekitundika kama bendera ya ofisi!"

Nikaona vidole vyake vinakishika upande wa juu. Akavuta mara moja tu.

Nilikuwa nimechuchumaa, daftari limefunguka mikononi, natazamana na maprofesa wawili kwenye kioo, na Dada amegeuka ananitazama, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, ulisema uko peke yako," profesa mwanaume akasema, sasa kwa Kiswahili. "Kijana, umeshika nini?"

"Da... daftari."

"Soma hapo lilipofunguka. Kwa sauti."

Nikasoma. Nasoma taratibu, na siku ile nilisoma taratibu zaidi.

"Mama Sabina. Kifua, arobaini na nane. Kiuno..."

"Endelea!"

"Kiuno, arobaini na sita. Mwenyewe anasema arobaini." Nikafuata mstari kwa kidole. "Ongeza inchi mbili, usimwambie."

Profesa mwanamke alivua miwani akafunika uso, mabega yakawa yanacheza. Mama Sabina akasogea mpaka kwenye kompyuta.

"Baba, msimsikilize huyu mtoto! Futi kamba yake imelegea!"

Profesa mwanaume hakucheka. Akasema vipimo vya nguo si majibu ya mtihani, tutoke wote, kona ionyeshwe, mlango ukomewe kwa ndani, na mwalimu aanze upya na maswali mengine kabisa. Tukatoka. Mama Sabina akakaa kwenye benchi la muuza chipsi amepakata kitenge chake, amenipa mgongo. Mimi nilikaa, nikasimama, nikaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme nikarudi, nikaenda tena, mpaka muuza chipsi akaniambia namtia kizunguzungu. Nilikuwa nawaza miaka mitatu ya mtu, na mimi nimeshindwa kusema neno moja.

Karibu saa nzima ilipita. Dada akafungua mlango.

"Nimefaulu," akasema, halafu akaegemea mlango kama mgonjwa. "Festo, si ungesema tu, nipo?"

Mama Sabina akainuka, akampa Dada mkono wa pongezi, kisha akanibandika kitenge kifuani. Nilidhani atanitukana. Akainama karibu na sikio langu.

"Hizo inchi mbili," akanong'ona, "fanya tatu."

Siku hizi kwenye daftari langu siandiki jina la mtu, nachora alama ninayoijua mwenyewe. Na mtu akikanyaga tu kizingiti, hata kama kapotea njia anatafuta duka la jirani, napiga kelele mpaka anashtuka: "Nipo!"