Mama Tarehe wa Temeke na Ijumaa ya vunja jungu

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, Sekela Mwambungu anafunga mlango wa ofisi na kusimama katikati ya chumba, kompyuta mpakato mkononi. Chupa ya chai ipo mezani, lakini hakuna anayeigusa mpaka tarehe zisomwe.

"Kesi ya shamba la Mbagala, majibu ya madai, zimebaki siku tisa. Wakili Kornelio?"

"Nimesikia."

"Hata ukuta umesikia. Unaleta lini?"

"Jumatano, dada Sekela. Jumatano jamani!"

Wenzake wanaangua kicheko. Lakini Kornelio, mwenye ofisi na wakili wa miaka kumi na saba, anaiandika Jumatano hiyo mbele ya macho ya karani wake. Katika ofisi hii iliyo juu ya duka la vipuri, Temeke, karani ndiye anayewapanga mawakili mstari. Wamembatiza Mama Tarehe.

Sekela, 43, mzaliwa wa Tukuyu, ameshika mafaili ya hapa kwa miaka kumi na mmoja. Leo ana kesi 212 zilizo hai, na kila moja ina siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikipita, mlango wa mahakama umefungwa, na kuufungua tena ni kazi ya viapo na kubembeleza.

Zamani aliziandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2018 faili la mjane mmoja wa Tandika lilijichomeka ndani ya faili jingine, rufaa ikachelewa siku mbili. Mbili tu! Mama wa watu akapoteza nyumba bila hoja yake kusikilizwa.

"Nililia hadi nikaomba kuacha kazi," anasema Sekela. "Bosi akakataa. Akasema akiajiri mwingine, itabidi naye aanze kwa kuunguza kama mimi."

Sasa wanatumia programu ya mtandaoni. Unaingiza tarehe ya hukumu, yenyewe inahesabu siku, kisha inamtumia wakili ujumbe kwenye simu zikibaki thelathini, zikibaki kumi, na tena zikibaki tatu. Wameiita Mwalimu wa Zamu, maana haina haya ya kumfuata mtu hata harusini.

Sekela anaipenda, ila hajaipa moyo wote. Kila Ijumaa, baada ya chai, huwapigia simu wateja ambao siku zao zimebaki chini ya thelathini na kuwauliza wao wenyewe hukumu ilisomwa lini.

"Kwa kuhesabu inanishinda mie, nakubali," anasema. "Lakini inaanzia pale nilipoiambia. Nikiidanganya, inadanganyika kwa heshima zote."

Na Ijumaa moja ya Aprili, kweli ilidanganyika.

Mzee Mfaume, seremala wa Keko, alikuwa ameshindwa kesi ya kiwanja cha karakana yake. Hapo amechonga vitanda kwa miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo wanawe wawili wanapopatia riziki. Alitaka kukata rufaa, na muda wa rufaa yake ulikuwa siku arobaini na tano. Mwalimu wa Zamu alionyesha zimebaki ishirini na nne. Sekela akapiga simu.

"Shikamoo baba. Hebu nikumbushe, hukumu yako ilisomwa lini?"

"Marahaba mwanangu. Tarehe sina, ila siku ninayo. Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo. Nilirudi nyumbani nikawakuta wanavunja jungu, pilau, nyama, watu wanakula kama kesho hakuna chakula cha mchana. Mie tonge halikupita."

Sekela akahesabu nyuma. Kabla ya mfungo? Ramadhani yote imekwisha, Idi nayo imeshaliwa! Akalivuta faili. Ukurasa wa kwanza wa nakala ya hukumu ulikuwa na mhuri wa tarehe 21 Machi, siku nakala ilipochukuliwa. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, ilikuwapo tarehe ya kusomwa: 28 Februari. Yeye aliingiza ya mhuri. Hazikubaki siku ishirini na nne. Zilibaki tatu.

Mwingine angelifukia kosa hilo. Sekela aliingia kwa bosi wake akasema, "Aliyekosea ni mimi, si mfumo."

Kornelio hakufoka. Alivua koti. Siku za kusubiri nakala zingeweza kutetewa mahakamani, anaeleza wakili huyo, "lakini nani anataka kuingia vitani kwa kuomba radhi?"

Waliandika Jumamosi kutwa. Jumapili Sekela alikosa ibada, na wanakwaya wenzake wanamtania hadi leo. Jumatatu saa nne asubuhi, siku yenyewe ya mwisho, rufaa ikapokelewa.

Tangu hapo hakuna tarehe inayoingia kwenye mfumo kabla watu wawili hawajausoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Na Sekela ana mpango mwingine. Amewabana watengenezaji wa programu hadi wamekubali kujaribu, kuanzia Januari, ujumbe wa Kiswahili utakaokwenda kwa mteja mwenyewe: hukumu yako ilisomwa tarehe hii, je, ni kweli?

"Sie tunaandika tu," anasema. "Anayeumia ni yeye. Sitaki tena mtu ashindwe kabla hajafungua mdomo."

Jumatatu ile ile mchana alikwenda Keko kwa miguu, stakabadhi ya rufaa mkononi. Alimkuta Mzee Mfaume anapiga randa, akamweleza yote, pamoja na kosa lake. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Haya, mwanangu. Niambie kweli. Nitashinda?"

"Hilo sijui, baba, nisikudanganye. Ila utasikilizwa."

Mzee akaweka randa chini. Akawaita wanawe wawili waje wasimame karibu.

"Hebu liseme tena," akamwambia Sekela, "na hawa walisikie."