Majirani walivyofyeka walinzi wa mtama wa Elieth

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Haneti. Elieth Matonya anageuza jani la mtama, anachungulia chini yake, anasonya. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, wamejaa tele. Anageuza la pili, anasonya kwa nguvu zaidi.

"Wiki mbili zilizopita ungewatafuta kwa tochi," anasema mkulima huyu wa miaka 46.

Wakati huo pembeni mwa shamba kulikuwa na ukanda wa maua ya porini, upana wa hatua tatu, aliouacha kwa makusudi. Humo waliishi nyigu wadogo na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari. Katikati ya mtama ametandaza kunde ziyanyime magugu jua. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, huking'oa kwa mkono kabla hakijachanua. Msimu uliopita ekari zake mbili zilimpa magunia kumi na moja bila tone la dawa.

Kisha msimu huu akaugua malaria. Akina mama wa kijiji, kama ilivyo desturi, wakaja na majembe kumpalilia mgonjwa. Kunde waliziacha, ashukuriwe Mungu. Ukanda wakaufyeka wote, wakauchoma moto.

"Tulimwonea aibu," anasema Anjelina, jirani aliyewaongoza. "Shamba zuri, pembeni pori! Tukajua dada yetu kazidiwa."

Elieth alipopata nafuu na kujionea mwenyewe, alikaa chini palepale. Mtu kaja na jembe lake, kakulimia bure, umgombeze? Akawapikia togwa, akawashukuru.

"Nilimweleza Anjelina habari za wadudu mara tano. Mara tano! Ananijibu, 'Pole mwaya, homa hiyo.' Nina hasira jamani, na sina wa kumkasirikia."

Mtama huo ndio ugali wa watoto wake wanne hadi mwakani. Vidukari wakiendelea hivi, hategemei hata magunia matano.

Mvua ikinyesha wiki hii, atapanda mlenda ukanda mzima. Huota upesi, huchanua, na wadudu wanaupenda. Tena hakuna mwanamke Haneti atakayeinua jembe juu ya mboga hiyo.

Je, hawataumaliza kwa kuuchuma? Elieth anaangua kicheko cha mtu aliyechoka.

"Wachume majani. Maua waniachie."