Virusi Iliyoimba Pambio

Pale ofisini Hurlingham wananiita Injinia, na mimi huitika. Jumatatu bosi wetu, Madam Nekesa, alinipa kazi ndogo tu: niweke picha za wateja kwenye seva. Nilizibeba kwa flashi yangu, ile yenye video za mazoezi ya kwaya yetu.

Seva yetu haina mambo ya kubofya. Kila kitu unaiandikia amri. Ukichomeka flashi, unaiambia iifungulie kwenye folda gani, na folda yenyewe inafaa iwe tupu. Mimi, kwa uvivu wangu, nikataja folda ambamo ofisi nzima huweka kazi zake. Sikujua flashi ingezifunika zote, kama sinia juu ya sufuria.

Kelele zikaanza.

"Mafaili yangu yameenda wapi?"

"Injinia, hata yangu siyaoni!"

Nikatoka kifua mbele. "Hiyo ni virusi! Nimewaambia mara ngapi msifungue takataka za mitandaoni?"

Madam Nekesa akaniunga mkono, akataka mwenye makosa ajitokeze mara moja. Nami nikawa napita kati ya meza, nikiwakazia macho mmoja mmoja, kama askari.

Ndipo Wambui wa uhasibu akafungua video aliyoikuta kwenye ile folda, akaongeza sauti.

"Madam, kuja uone," akasema. "Hii virusi inaimba pambio. Na imevaa hiyo sweta Injinia amevaa leo."