Dobi wa Karatu na sauti iliyotoka korongoni

Kumepambazuka, lakini ukungu ulioshuka kutoka Ngorongoro umelala juu ya kamba za kuanikia hata mashuka hayaonekani mpaka uyaguse. Marsela Gwandu anayagusa moja moja. Bado mabichi. Anayaacha, anaingia chumba cha pasi na kukoleza makaa, maana umeme umekatika tangu jana.

Ndani yumo Dorkasi, mwenzake wa kazi. Wamepeana migongo. Kinachosikika ni mlio wa pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Metui, mlinzi wa zamu ya usiku, Mmaasai wa Kakesio, anachungulia mlangoni kabla ya kwenda kulala.

"Shikamoo mama Paulo. Leo pia hakuna hadithi?"

"Marahaba. Hakuna, baba," anajibu Marsela.

"Mwezi wa pili sasa! Yule mwalimu wa kwaya mmemwacha sakafuni tu. Si ataoza jamani?"

Siku za nyuma wangecheka. Leo Dorkasi anainamia foronya yake, na Metui anajiondokea taratibu kama mtu aliyeingia msibani bila kujua.

Marsela ana miaka arobaini na saba. Ni dobi katika hoteli ya watalii nje kidogo ya mji wa Karatu, na mshahara wake wa shilingi 190,000 kwa mwezi huishia kwenye ada ya kitindamimba wake na dawa za presha za mama mkwe. Kazi yake ni kupambana na vumbi jekundu ambalo wageni hurudi nalo kutoka Kreta, bonde la Ngorongoro, vumbi linaloingia hadi kwenye mishono ya taulo.

Wageni hao huacha vitu: chupa za mafuta ya jua, soksi, na vitabu. Vitabu vizima hupangwa kwenye rafu karibu na baa. Vilivyolegea majalada huruhusiwa kuchukuliwa na wafanyakazi, na ndivyo Marsela, aliyemaliza kidato cha nne na kuhifadhi kamusi yake ya shule, alivyokutana na riwaya za mauaji yasiyotisha.

Ni hadithi za aina moja, na anazipenda kwa sababu ni za aina moja. Kuna kijiji kidogo cha Ulaya chenye kanisa, mvua na duka la mikate. Mtu anakufa. Polisi anakosea. Kisha mtu ambaye hakuna anayemhesabu, mjane anayeuza nyuzi za kufuma au mwalimu mstaafu mwenye paka, anaanza kuuliza maswali madogo madogo. Mwishoni watu wote hukusanywa sebuleni, chai ikimiminwa, na ukweli ukasemwa.

"Damu yenyewe huioni," anasema Marsela. "Mtu anakufa ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na moja watu wanakula keki. Lakini hawamsahau. Yule mama anaacha mikate yake kwenye tanuri, aende akaulize nani alimwona marehemu mara ya mwisho. Kwa ajili ya mtu ambaye hata si ndugu yake! Mimi hapo ndipo nilipopenda."

Alisoma nyumbani, na asubuhi akasimulia kwa Kiswahili katika chumba cha pasi. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake, na aliyekosea alibeba beseni la mashuka yaliyolowa peke yake. Dorkasi alikosea karibu kila mara, kwa kuwa alimwonea huruma kila mtu.

"Huyo mpishi hawezi kuua, dada. Ana watoto."

"Dorkasi, kwani wauaji ni matasa?"

Metui naye aliwacheka wote. "Wazungu wana shida. Sisi kwetu mtu akiuawa, ng'ombe arobaini na tisa zinatoka, hadithi imekwisha. Nyinyi mnatafuta kijiko cha sumu kurasa mia tatu!"

Marsela alicheka pamoja nao. Hakuwaambia kwamba kila alipofungua kitabu alikuwa anamtafuta mtu mmoja tu, naye hakuwa Ulaya.

Mumewe, Patrisi, alikuwa mlinzi wa shamba la kahawa upande wa Oldeani, kwenye njia inayopakana na msitu. Miaka saba iliyopita, mwezi Juni, alitoka nyumbani jioni kwenda zamu, hakufika. Vibarua walimkuta asubuhi chini ya korongo, mguu umevunjika na mfupa umetokeza. Daktari alisema hakufa palepale. Alivuja damu polepole.

Polisi waliandika kwamba aliteleza. Kijiji hakikukubali, kwani tochi yake ilikutwa juu ya njia, nzima. Mtu anayeteleza huanguka na tochi yake, watu walisema. Aliyesukumwa ndiye huiacha.

Basi macho yakamgeukia Simon, jirani aliyekuwa amegombana na Patrisi kuhusu mpaka wa shamba wiki moja kabla. Hakuna aliyemshtaki. Walianza tu kutomsalimia. Vitunguu vyake viliozea kibarazani na mwenza wake wa kulima kwa zamu akatafuta mtu mwingine. Binti yake alipochumbiwa, posa ilirudishwa. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja.

"Mimi pia sikumsalimia," anasema Marsela kwa sauti ya chini. "Nilipita mlangoni kwake kama napita makaburini."

Aliyeteseka kuliko wote ni mama mkwe wake, Bibi Emiliana, ambaye Patrisi alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Kwa miaka saba bibi huyo aliomba kitu kimoja: wazee wakae wamlaani muuaji. Kwa Wairaqw, kabila lao, laana hiyo huitwa lo'o. Haihitaji jina. Hutamkwa kwa yeyote aliyetenda, na kwa yeyote aliyejua akanyamaza, nayo humfuata mhusika na nyumba yake hadi kwa watoto wasiojua lolote. Ndiyo maana wazee hawaitoi ovyo, na safari hii walisema hawatatamka kitu kabla mjane mwenyewe hajaridhia.

Marsela hakuridhia. Mwaka hadi mwaka aliomba muda.

"Wewe unasoma vifo vya Wazungu hadi macho yanakutoka," bibi alimwambia siku moja, akitema maneno kama makapi. "Cha mume wako kimekulalia wapi?"

"Mama, nataka kujua kwanza. Laana haina macho."

"Ina macho kuliko wewe."

Mwaka huu bibi alianza kuvimba miguu. Akasema hatakufa kabla ya kusikia maneno hayo yakitamkwa. Marsela alichoka. Alikubali kikao kiwekwe baada ya mavuno.

Ni katika wiki hizo za kusubiri ndipo aliposoma riwaya ambamo mjane wa nyuzi anaona kikapu cha mayai kimeachwa barabarani. Anajiuliza ni nani anaacha mayai yake mwenyewe. Marsela aliweka kitabu chini. Kichwani mwake ilikuwa imerudi asubuhi ile ya Juni: wanaume wanambeba Patrisi kwa machela ya miti, na pale juu, kando ya njia, mizigo mitatu ya kuni imefungwa vizuri, haina mwenyewe.

Katika vijiji vya ukingo wa msitu mwanamke haachi kuni. Kukata ni kosa na ukikamatwa ni faini, kwa hiyo mzigo uliokwisha kuubeba hadi njiani ni kama mtoto mgongoni. Siku ile hakuna aliyejiuliza chochote. Watu walizibeba kuni zile hadi kwa marehemu, na ndizo zilizopikia chakula cha matanga.

"Miaka yote nilikuwa nauliza ni nani alimchukia," anasema. "Sikuwahi kuuliza ni nani alikuwa karibu."

Alizunguka akiwauliza wanawake. Kila mmoja alitikisa kichwa. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo hajui kama lilikuwa werevu au ukatili. Asubuhi moja alisimama kwenye meza yake ya pasi, akaiacha katikati ile ya mwalimu wa kwaya na kuanza hadithi mpya. Alisema ni ya kijiji cha Uingereza, mlinzi wa shamba la matofaa ametumbukia shimoni, na juu ya shimo kuna mizigo mitatu ya kuni.

"Haya, nani ni nani?" aliuliza.

Metui alimtaja tajiri wa shamba. Dorkasi hakumtaja mtu. Pasi yake ilikuwa imesimama juu ya shuka, moshi ukaanza kupanda.

"Dorkasi, shuka!"

Dorkasi aliinua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki, umbo la pasi kamili.

"Hicho kitabu, dada," alisema, "hakuna Mzungu aliyekiandika."

Kisha akakaa chini kwenye mashuka machafu, akasema yote. Walikuwa watatu. Mmoja ameshafariki, mwingine amehamia Babati. Walikuwa wanatoka msituni na mizigo, giza linaingia, wakasikia sauti ya mwanamume chini ya korongo ikiita kwa nguvu: "Nani huyo? Nani huyo? Njoo hapa!"

Wanawake wa kuni wana sheria yao wanayofundishana tangu usichana: ukisikia sauti ya mwanamume msituni, tua mzigo, kimbia, usigeuke, na ukifika nyumbani hukutoka. Nayo maneno yale ndiyo hasa maneno ya walinzi wa msitu. Miguu ilitii. Asubuhi, waliposikia ni nani aliyekuwa korongoni, walikuwa tayari wamesimama jikoni kwenye msiba, wakikoroga uji kwa kuni zao wenyewe.

"Tulidhani ni askari wa msitu," Dorkasi alirudia. "Naapa, dada, tulidhani ni askari."

Marsela alichukua beseni akatoka nje. Dorkasi ndiye aliyekuwa amelala kwake wiki tatu za matanga, na ndiye ambaye Marsela mwenyewe, miaka minne iliyopita, alimwombea kazi hapa. Tangu asubuhi ile hawajaongea zaidi ya "nipishe" na "makaa yamekwisha".

Lakini kikao cha laana kilikuwa kinakuja, na Dorkasi ana watoto wanne. Kukaa kimya kungetosha. Marsela asingehitaji kuinua hata kidole. Wazee wangetamka, na kama maneno yana nguvu, yangejua mlango wa kubisha.

"Niliwaza hivyo," anakiri. "Niliwaza siku nyingi. Tena nilijisikia vizuri."

Anageuza shuka, anapiga pasi upande wa pili.

"Kwenye vitabu, muuaji akitajwa wanamchukua, ukurasa unaisha. Hakuna aliyeandika kesho yake inakuwaje. Hapa kesho yake mnakutana bombani."

Wiki mbili zilizopita, watu walipokusanyika uwanjani kwa mzee wa ukoo, Marsela aliomba neno kabla ya laana. Aliomba kila aliyekuwa karibu na njia ile siku ile aseme alichoona au kusikia, halafu wazee waamue. Upepo ulikuwa unapeperusha maganda ya mahindi. Dorkasi alisimama, akashika kanga yake kwa mikono miwili, akasema.

Hakuna aliyempigia kelele. Ilikuwa heri wangempigia. Simon, aliyekuwa amekaa mbali, mahali alipozoea kukaa, alifunika uso kwa kofia yake. Alipoulizwa kama ana neno alisema moja tu: "Binti yangu sasa ana miaka thelathini."

Wazee waliinuka bila kutamka laana. Kuhusu tochi, mmoja alisema labda Patrisi aliiweka chini mwenyewe ili ajisaidie kando, akarudi nyuma hatua moja zaidi. Labda. Hakuna atakayejua.

Bibi Emiliana hakulia. Alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa miaka saba kumngoja mtu mmoja, na sasa mtu huyo hayupo.

"Basi nimlaani nani?" aliuliza. Akamgeukia kila mzee kwa zamu. "Niambieni. Nimlaani nani?"

Tangu siku hiyo bibi hali vizuri. Chakula anachopeleka Dorkasi hurudi kama kilivyokwenda. Jumapili iliyopita Simon alimsalimia kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote. Bibi alimtazama, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Marsela anasema angalau midomo ilicheza.

Yeye mwenyewe hajamaliza. Anamwamini Dorkasi kichwani, lakini moyo unamuuliza kila anapomwona: hivi kweli hukuitambua sauti ya Patrisi? Uliyemsikia kanisani kila Jumapili akiimba besi?

Kwa hiyo ameomba ruhusa ya Jumamosi alasiri. Atakwenda kwenye njia ile, ambako hajakanyaga tangu msiba, na atasimama pale mizigo ilipokuwa, giza likianza kuingia. Amemtaka Dorkasi asimame naye. Alihitaji mwanamume wa kushuka korongoni na kuita maneno yale yale, na hakujua amwombe nani. Simon alisikia, akaja mwenyewe hadi kwenye uzio wa hoteli.

"Nitashuka mimi, shemeji," alisema. "Njia ya kushuka naijua. Nilishashuka huko mimi pia baada ya msiba, kutafuta alivyoanguka, ila nyinyi hamkuniuliza."

Kama sauti ya mtu unayemjua ikitoka kule chini inafanana na ya askari, Marsela anasema, atamgeukia Dorkasi na watarudi pamoja. Kama haifanani, hajui.

"Nitaogopa, najua. Labda hata miguu itataka kukimbia." Anafunga kanga yake upya, anabeba beseni, maana ukungu umeanza kuinuka na mashuka yanaonekana. "Lakini Simon akiita, mimi nitaitika. Hilo tu ndilo nimeshaamua. Nitaitika."