Kopo la Buni Chini ya Kitanda

Mama yangu hakuiamini mvua, hakuyaamini maduka, na baba alimwamini siku za mwisho wa mwezi tu, alipokuja kutoka Nakuru na mshahara. Kitu alichokiamini kwa moyo wote ni sanduku lake la bati. Lilikaa chini ya kitanda katika nyumba yetu ya vyumba viwili kule Manyatta, Kisumu, na ndani yake mlikuwa na chakula cha siku ambazo dunia ingeharibika: unga, maharagwe yaliyochanganywa na majivu ili yasiliwe na wadudu, omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu, chumvi, sukari, viberiti, mishumaa na miche miwili ya sabuni. Tuliliita sanduku la shida. Kulifungua bila ruhusa kulikuwa kosa kubwa kuliko kutoroka shule.

Majirani walimcheka mpaka ulipofika ule mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya themanini, tulipokula unga wa njano ulionuka gunia. Hapo wakaacha kucheka, wakaanza kuja na bakuli.

Kahawa haikuwamo sandukuni. Sisi nyumbani asubuhi tulikunywa uji, na siku za neema chai ya rangi, ambayo Mama hakuigusa kwa sababu, alisema, ni maji ya kuoshea sufuria. Kahawa aliijulia kazini. Alikuwa mpishi wa afisa mmoja kule Milimani, katika nyumba yenye ua mkubwa na miti, na mke wa afisa alitengeneza birika zima kila asubuhi, akanywa vikombe viwili, akaliacha. Mama hakuweza kumwaga kitu kizima. Alianza kwa kumaliza mabaki tu, ili yasipotee. Kufikia mwaka ule alikuwa ameyamaliza mabaki kila siku kwa miaka sita.

Kisha afisa na familia yake wakaenda likizo kwao, nyumba ikafungwa kwa wiki tatu, na Mama akabaki nasi.

Siku ya kwanza alifua kila kitu, hata mapazia. Siku ya pili akaamka ameshika paji la uso. Ya tatu hakuamka kabisa. Alilala na kitambaa chenye maji kichwani, dirisha likiwa limefungwa, akisema mwanga unamchoma. Sisi watu wa pwani ya ziwa, kichwa kikiuma hatuulizi maswali. Kichwa ni malaria. Nilitumwa dukani, nikaleta klorokwini, akaanza kuimeza kama ilivyotakiwa. Haikumsaidia kichwa, ila ilimletea ule muwasho wake, akawa anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi huku akilia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza, na nilimkasirikia Mungu waziwazi.

Siku ya nne alijikokota hadi zahanati. Walimtoboa kidole, wakatazama damu, wakamwambia haina kitu.

Mtu mwingine angefurahi. Mama alirudi nyumbani uso umemshuka, kwa sababu mama yake mwenyewe, nyanya yangu, alikuwa amekufa kijijini kwa kichwa kilichouma wiki nzima bila mtu kujua ni ugonjwa gani. Kichwa chenye malaria kina dawa. Kichwa kisicho na malaria, kwake yeye, kilikuwa na njia moja tu.

Kesho yake, Alhamisi, aliniita chumbani. Wadogo zangu wawili walikuwa nje wakicheza.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, na hilo peke yake lilinitisha, kwa maana siku za kawaida aliniita kwa kufoka. "Vuta hiyo sanduku."

Nikalivuta. Akanipa ufunguo aliouvaa shingoni, ambao sikuwahi kuushika.

"Unga tumia ya chini kwanza, hiyo ndio ya zamani. Maharagwe osha mara mbili, majivu itoke. Omena usiwape hawa watoto yote siku moja. Baba yenu akija, usimwachie sukari."

"Mama, kwani unaenda wapi?"

Alinyoosha kidole. "Chini kabisa. Kwa gazeti."

Chini kabisa, ikiwa imechukua karibu robo ya sanduku, kulikuwa na nguo nyeupe iliyofungwa kwa magazeti. Ilikuwa ndefu, na pindo lake lilishonwa kwa mkono kwa uzi wa buluu, mishono midogo midogo ya kwenda na kurudi. Sikuwahi kumwona ameivaa.

"Hiyo ndio watanivalisha," alisema. "Usikubali wanivalishe ingine."

Mwanamke huyu alikuwa ameweka akiba ya chakula chetu na akiba ya mazishi yake katika sanduku moja, chakula juu na mazishi chini. Niliirudisha nguo, nikatoka, nikaenda nyuma ya choo, nikalia mpaka nikatapika. Nilikuwa na hakika kwamba nitakuwa mama wa watoto wawili kabla ya mitihani ya muhula.

Ijumaa alasiri akaja jirani yetu wa mlango wa tatu. Alikuwa mama wa Kiislamu, babu zake walitoka pwani ya bahari zamani sana, lakini yeye alizaliwa Kisumu na Kijaluo chake kilimshinda hata mwalimu wetu. Mume wake aliuza kahawa kituo cha basi, kwa dele la shaba na makaa chini yake. Alikuwa amesikia kuna mgonjwa. Wengine walikuja na maziwa au mayai. Yeye alikuja na kilichokuwa kwake, birika dogo la kahawa chungu yenye tangawizi, na vile vikombe vyao visivyo na mkono.

Mama aliketi kwa adabu tu. Huwezi kumfukuza mgeni aliyekuja kukupa pole. Alikunywa kikombe kimoja akiwa amefumba macho. Akanywa cha pili. Cha tatu alikinyooshea mkono mwenyewe. Jirani akakaa akizungumza habari za bei za vitu na za binti yake, nami nikaketi mlangoni nikiwa nimeshika ufunguo wa sanduku ndani ya ngumi.

Kikapita kitambo. Mama akaondoa kitambaa kichwani. Akatazama dirisha lililofungwa, kisha chini ya kitanda.

"Nani ameacha hii sanduku bila kufuli?" akauliza.

Niliutazama ufunguo mkononi mwangu.

"Si ninaongea na wewe? Na mbona hii nyumba iko na vumbi hivi? Nikilala siku mbili tu mnakuwa kama watu hawana mama?"

Sijawahi kufurahia kufokewa kama nilivyofurahia siku ile. Nilicheka na machozi yakanitoka, nikafokewa tena kwa kucheka.

Jirani alikuwa amemkazia macho. "Mama, wewe hunywa kahawa?"

"Kidogo tu. Kule kazini."

"Kidogo ngapi?"

"Asubuhi." Mama akafikiri. "Na saa nne. Na wakishakula mchana. Na jioni, kama imebaki."

"Na hiyo nyumba imefungwa lini?"

"Jumamosi."

Jirani alijipiga paja, akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Wuololo! Huyu si mgonjwa! Mzee wangu kila siku ya kwanza ya Ramadhani analala hivi hivi, kitambaa kichwani, ananiambia niite ndugu zake. Jua ikizama nampa kikombe moja, anaamka anauliza chakula iko wapi. Hii ni kahawa tu, mama. Umekosa kahawa!"

Mama hakucheka. Aliona aibu, na mimi niliiona ikimpanda shingoni. Alikuwa mmoja wa wanawake waliopita nyumba kwa nyumba kuwaombea walevi wa chang'aa, na sasa ameambiwa mbele ya mtoto wake kwamba kitu kidogo cha ndani ya birika kilimwangusha kitandani siku tano. "Usiambie mtu," alimwambia jirani. Kanisani alishuhudia kwamba Bwana amemponya, na sikubisha. Bwana alikuwa ametumia alichokuwa nacho mtaani kwetu.

Kuacha hakukumjia akilini hata kidogo. Alichowaza ni akiba. Jumamosi alinunua kahawa ya unga, na kwa kuwa makopo yote yalikuwa na kazi, akaitia katika kopo lililokuwa la omena, baada ya kulisugua kwa majivu na kulianika juani kutwa nzima. Wiki moja baadaye alinionjesha. Ilikuwa na ladha ya samaki aliyeungua. Aliinywa yote, kwa sababu kumwaga kitu kulimuuma, na kila kikombe alikifuata kwa kusonya.

Jirani ndiye aliyemwonyesha njia: kahawa ya kuweka haisagwi. Unaweka buni, mbegu zenyewe mbichi, ndani ya kopo safi, nazo zinakaa hata mwaka. Siku ukitaka unakaanga konzi moja kwenye kikaango na kuitwanga kinuni. Mama aliupenda mpango huo. Alitafuta kopo kubwa jipya, akalijaza, akalivuta sanduku.

Kopo halikuingia. Alihamisha unga, akabana maharagwe pembeni, akajaribu kulilaza. Nilisimama karibu naye nikimtazama. Hatimaye akaingiza mkono mpaka chini, akatoa ile nguo nyeupe na magazeti yake, akaikung'uta.

"Hii inakula nafasi," alisema.

Kopo likakaa pale ilipokuwa nguo. Jumapili iliyofuata aliivaa kanisani, na wanawake wenzake wakamuuliza aliinunua wapi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu Homa Bay, nikirudi Kisumu likizo. Mama alikuwa bado Manyatta, bado mkali, sanduku bado chini ya kitanda. Asubuhi moja aliniita jikoni nimshikie kikombe. Alikuwa ametwanga kahawa na kuichemsha, sasa anaichuja kupitia kitambaa kilichogeuka rangi ya udongo kwa miaka ya kazi. Alipokikamua, ukingo wake ukaanguka juu ya kidole changu, nikaona mishono midogo midogo ya uzi wa buluu, ya kwenda na kurudi.

"Mama, hii si ile nguo?"

"Ilichanika," alisema. "Shika kikombe vizuri, unamwaga."