Zamu Yangu ya Kulala

Kwetu Kasongo mwanamke akikaa chini mchana bila kitu mkononi, watu humuuliza nani amekufa. Sitanii. Ukitaka kukaa kwa amani uwe na mchele wa kuchambua mapajani, au kichwa cha mtoto cha kusuka, au sombe, majani ya muhogo, ya kuchuma kutoka kwenye vijiti vyake. Mikono ikiwa mitupu, jirani atasimama njiani, atakuangalia, kisha atauliza kwa sauti ya pole, "Mama, iko nini?" Utatafuta haraka kitu cha kushika.

Wakati ule nilikuwa na watoto watano. Baba yao alikuwa upande wa Kabambare, kwenye machimbo ya dhahabu, akinunua vumbi kwa wachimbaji na kuliuza mbele. Alirudi nyumbani barabara iliporuhusu, na barabara ile si karimu. Mimi nilikaa na mama yake ukingoni mwa mji, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mpunga yanapoanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe lilinisubiri mlangoni siku ile ile ya kuletwa, na hadi leo sijaona wa kumrudishia.

Mwili ulianza kunikataa polepole. Nilitia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja. Nilisinzia nimesimama kwenye kinu, mchi ukaniangukia kwenye kidole cha mguu, kucha ikatoka. Nikaenda kituo cha afya, muuguzi akanipima, akaniambia sina malaria wala upungufu wa damu wa kutisha. "Mama, unakosa kupumzika tu," alisema, akaita mwingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kana kwamba amenitukana.

Halafu kulikuwa na yule mama wa redioni. Alizungumza kutoka mji mkubwa, sauti laini kama mtu aliyekula akashiba, akisema kila mama ajipatie muda wake mwenyewe. Afunge mlango. Aoge maji ya moto bila haraka. Anywe chai yake polepole, awaambie watoto wamsubiri. Nilimsikiliza nikitwanga. Nilicheka peke yangu mpaka yule mdogo mgongoni akaamka. Mlango gani? Chumba changu kina pazia, na pazia lenyewe ni kitenge kilichochakaa. Nilimchukia mwanamke yule wiki nzima, na wiki nzima nilikuwa nikiota maji ya moto.

Njia rahisi ilikuwepo, nami nilikuwa nikiitumia. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la sita, anapenda hesabu kama wengine wanavyopenda sukari. Kila asubuhi niliposhindwa kuinuka, yeye alivua sare bila kuambiwa, akashika ndoo. Mwalimu wake alinisimamisha siku moja nje ya kanisa. Akasema huyu mtoto akiendelea kukosa masomo hatafaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, na asipofaulu, mama, unajua mwenyewe. Nilijua. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano, kwa sababu mama yangu naye alikuwa amechoka. Kwa hiyo nilijiapiza kwamba pumziko langu, kama lipo, lisitoke mgongoni kwa mtoto yule.

Ndipo nikafikiria likilimba. Kwetu likilimba ni wanawake wanaosaidiana kwa zamu: leo tunalima kwako, juma lijalo kwangu, mpaka duara lizunguke. Asubuhi wanakwenda shambani kwa nyimbo, jembe begani, na shamba ambalo ungelihangaikia mwezi mzima linakwisha palizi kwa siku moja. Ni jambo jema, sikatai. Ila mwenye zamu ndiye anayewalisha wote. Unaamka kabla ya jogoo, unasonga ugali wa watu wengi, unapika sombe kwa mawese, unatafuta samaki wa mtoni kutoka Nyangwe, unabeba yote kichwani mpaka shambani, kisha unalima nao usionekane mvivu. Siku ya kusaidiwa ndiyo siku niliyochoka kuliko zote.

Zamu yangu ilipokaribia, tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya mama anayetuongoza, mjane mnene mwenye maneno makali. Nikakohoa.

"Zamu hii musiende mu shamba yangu," nikasema. "Mukuje ku nyumba. Muteke maji, mutwange, muangalie ule mutoto mudogo. Mie nilale."

Mmoja akauliza, "Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Uko na mimba?"

"Hapana."

"Sasa unalala juu ya nini?"

"Juu minachoka."

Walicheka, na kiongozi wetu alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha kicheko kikamkatika. Akaangalia mikono yake. "Mie pia minachoka," akasema. "Tutakuja. Lakini mutu asiseme. Watatucheka mu mji muzima."

Hapo ndipo tulipokosea. Kama tungetangaza, watu wangetucheka siku mbili wakasahau. Tulificha, kwa kuwa hata sisi wenyewe tuliona ni aibu mwanamke mzima wa afya kumwachia mwenzake jiko lake ili alale.

Siku ilipofika mama mkwe alikwenda sokoni mapema. Nilimwambia wanawake wanakuja kwa kazi, na huo haukuwa uongo. Watoto wote isipokuwa yule mdogo niliwapeleka shule, nikamfunga binti yangu vifungo vya sare mwenyewe, ingawa alikuwa mkubwa. Aliniuliza nani atateka maji. Nikamwambia leo si shauri lake, aende akafanye hesabu.

Wakaja. Hawakuimba, kwa ile aibu yetu. Walipita kimya, mmoja nyuma ya mwingine, bila majembe, wakiwa na kuni na mabeseni ya maji kichwani. Walitoa viti vyote nje ili wapake sakafu udongo mpya. Jiko langu ni dogo, basi wakawasha moto mkubwa uani. Mimi nikalala kitandani, nikajifunika kitenge mpaka kichwani kwa sababu ya nzi.

Mtu wa kwetu ukimwonyesha hayo haulizi swali. Wanawake wanaoingia kimya na kuni na maji, viti nje, moto mkubwa uani, na ndani mwenye nyumba amelala amefunikwa uso: hicho ni kilio. Sisi tuliozaliwa hapa, kati yetu wote, hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Nililala. Naukumbuka usingizi ule kuliko harusi yangu. Nilisikia mchi wa mtu mwingine ukigonga kinu changu, na kila ulipogonga haukuwa mkono wangu. Mwili uliteremka, ukateremka, mpaka sikujua tena miguu yangu iko wapi.

Kilichoniamsha ni mayowe. Shangazi wa mume wangu, bibi mzee anayeishi Nyangwe, alikuwa akipita na kikapu chake cha samaki waliokaushwa akielekea sokoni. Aliona viti, aliona moto, alichungulia pazia langu akaona kitenge kilivyofunika kichwa. Akatupa kikapu, akajitupa chini. Kabla vumbi halijatulia, majirani walikuwa wameingia uani na mikeka yao, na wanaume wawili walikuwa wakileta mabenchi ya kanisani.

Na wale wa likilimba je? Kiongozi wetu alinieleza baadaye. Alifungua mdomo aseme, "Amelala tu," akaona aibu. Wengine waliogopa, maana tangu asubuhi hakuna aliyenichungulia, wakadhani labda kweli. Wakaanza kulia nao.

Mimi nilikuwa macho chini ya kitenge, nikisikiliza. Shangazi alikuwa akiniita, sauti ikipanda na kushuka kama wanavyolia wazee wetu.

"Mama ya kazi, eeh! Hakukaa chini, eeh! Alitukamatia jembe, alitukamatia muchi, hakulala hata siku moja! Pumzika sasa, mama! Pumzika!"

Na wengine wakamwitikia, ua mzima: "Pumzika, mama! Pumzika!"

Sikuinuka. Tangu niolewe hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunitamkia neno hilo, na sasa walikuwa wakinisihi kwa machozi. Nilikuwa na uchungu wa kuwatosha wote, na bado nilitaka waendelee. Nililala pale nikawaacha wanililie.

Kisha nikakumbuka kwamba shule haiko mbali na kwamba sauti hiyo inafika. Nikamwona akilini binti yangu akiisikia, akitambua inatoka wapi. Nikaruka, nikajifunga kitenge, nikatoka.

Sitaeleza vurugu iliyotokea. Benchi lilipinduka, watu wakakimbilia kwenye mpunga. Shangazi alianguka wakammwagia maji, yale yale yaliyotekwa kwa ajili yangu. Nikabaki nimesimama katikati ya ua wangu mwenyewe, mzima. Watu walipothibitisha kwamba ni mimi, walikasirika, kila mmoja kwa zamu yake. Hakuna aliyesema afadhali.

Mama mkwe alifika akihema, soko lote nyuma yake.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Na hawa watu wote?"

Nikamweleza. Aliangalia mikeka, viti, na mabenchi ya kanisa. Akatangaza mbele ya wote kwamba mtu aliyeliliwa angali hai lazima awapikie kwa mkono wake waliomlilia, la sivyo machozi yatabaki nyumbani. Sijui kama hiyo ni desturi ya kabila lao la Wabangubangu au aliibuni palepale kuilinda heshima yake. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa na njaa.

Wanawake wa likilimba walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja kupitia nyuma ya nyumba. Nikaanza kuchinja kuku.

Binti yangu alifika akikimbia, kiatu kimoja mguuni, bila mfuko wa madaftari. Alinikumbatia kiunoni akabaki hivyo. Halafu alifuta uso kwa mkono wa sare yake, akaenda kwenye kinu, akashika mchi. Sikumwambia arudi shule. Watu walikuwa wengi.

Habari zilifika machimboni kabla hazijasahihishwa. Baba watoto alipanda pikipiki, akaisukuma topeni kutoka Kabambare, akaingia kesho yake jioni ametapakaa udongo mpaka nyusi. Alinikuta naosha sufuria. Nilimtazama usoni nikitafuta kitu, na kwa muda mfupi kabisa nadhani kilikuwepo. Kisha kikaondoka.

"Ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana, baba watoto."

"Sasa ulikuwa na nini?"

"Nilichoka."

"Kuchoka," akasema, "ile ni ugonjwa gani?" Akaomba maji ya kuoga. Nikamchemshia.

Usiku wageni walipokwisha, mama mkwe alikaa karibu nami akichambua mchele kwa mwanga wa tochi ya simu. Hakuwa na ukali tena. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Mukwe wangu, muke anapumzika akizala, ao akikufa. Hakuna ingine."

Nilichota konzi ya mchele, nikachambua naye. Lakini baba watoto alikaa nyumbani siku chache, pikipiki ikitengenezwa, na usiku ule aliponigeukia nilikuwa nikihesabu miezi tisa. Nilikuwa nimeapa kwamba watoto watano wanatosha. Nilihesabu tu, sikumkatalia.

Mtoto wa sita alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga. Likilimba wakaja, safari hii kwa nyimbo. Walitoa viti vile vile nje, wakapaka sakafu ile ile, wakawasha moto mkubwa uani. Shangazi alipita na samaki wake, akaona yote hayo, akapiga vigelegele. Mama mkwe alinikanda tumbo kwa maji ya moto, akanipaka mawese mgongoni na miguuni, pole pole, mikono yake ikijua kila mahali panapouma. Aliniletea uji, akanifunika. "Lala sasa, mama," akasema. "Hii ni haki yako." Nilitaka kulia na nilitaka kumuuma mkono.

Waliniacha na kichanga ubavuni. Nje waliimba, wakatwanga, mpaka wakamaliza wakaenda makwao. Nyumba ikatulia kama nilivyoiota miaka yote ile. Kulipokucha nikasikia ndoo ikitua mlangoni, na mtu akivuta pumzi baada ya kuitua. Ilikuwa asubuhi ya siku ya shule, siku ya ule mtihani wa mwisho wa mwaka. Pazia likasogea kidogo. Binti yangu alikuwa amesimama pale amevaa kitenge changu cha zamani badala ya sare, maji yakimchuruzika shingoni, akiangalia kama niko macho.

Nilifumba macho.